Kwanza Uulize Upepo

Mjomba wangu alikuwa nahodha wa jahazi. Kusi ikivuma, alipakia mizigo Pangani akaenda nayo hadi Lamu. Kaskazi ikiingia, akarudi nayo nyumbani. Uzee ulipomshusha chomboni alijenga kijijini, mahali ambapo nguzo za umeme zilikuwa bado hazijafika, na kwa akiba yake akanunua mtambo wa upepo. Boksi liliandikwa kilowati 1. Fundi aliufunga juu ya paa, kwenye bomba fupi lililopigwa boliti ukutani, kati ya mwembe mkubwa na safu ya minazi. Mwezi wa kwanza nyumba nzima ilinguruma usiku. Mwezi wa pili ulipita na betri hazijajaa hata mara moja. Nilipomtembelea aliniuliza, kwa uchungu wa mtu aliyetoa fedha ya miaka mingi: "Mpwa wangu, upepo huu huu ulionipeleka Lamu na kunirudisha, leo umeshindwa kuwasha friji?"

Swali lile halijanitoka. Namwandikia mtu anayekaribia kutoa fedha yake kama mjomba alivyotoa. Nakiandikia pia kijiji ambacho siku moja kitapokea gari lenye wageni, ramani na ahadi. Upepo ni nishati nzuri mno mahali pake. Shida ni kwamba mahali pake ni pachache kuliko wauzaji wanavyosema, na kujua nani anafaidika nao kunahitaji maswali ambayo watu wengi huona haya kuyauliza.

Jibu la kwanza la swali la mjomba liko kwenye tanga. Tanga la jahazi lake lilikuwa pana kuliko sakafu ya nyumba anayoishi sasa. Mtambo alionunua una mapanga matatu yanayochora duara la kipenyo cha mita 2, yaani eneo la mita za mraba 3 na kidogo, kama mkeka mkubwa. Upepo wote unaopita nje ya mkeka huo haukuhusu. Mapanga yakirefushwa mara mbili, eneo huwa mara nne, na ndiyo maana katika upepo urefu wa panga una maana kuliko idadi ya mapanga au sifa za dinamo. Hata huo unaopita ndani ya duara huwezi kuutwaa wote, kwa sababu ukiusimamisha kabisa utaziba njia ya ule unaofuata. Mjerumani Albert Betz alionyesha karne moja iliyopita kwamba mtambo wowote, hata utengenezwe kwa ustadi gani, hauwezi kuvuna zaidi ya asilimia 59 ya nguvu ya upepo. Mitambo midogo ya madukani huambulia kama robo, ikizidi sana theluthi.

Kisha kuna kasi, na hapa ndipo wanunuzi wanapoumia. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake: kasi ikiwa mara mbili, nguvu huwa mara nane. Tuuchukue mtambo wa mjomba. Kwenye upepo wa mita 12 kwa sekunde utatoa karibu kilowati 1, kwa hiyo maandishi ya boksi si uongo. Lakini upepo wa mita 12 kwa sekunde ni kilomita 43 kwa saa, upepo unaotikisa matawi makubwa na kuzifanya nyaya zipige miluzi, upepo ambao mwavuli haushikiki mkononi. Kwenye mita 10 mtambo huohuo unatoa chini kidogo ya nusu kilowati. Kwenye mita 5, ambao ni upepo mzuri wa alasiri ya pwani, unatoa wati 60 hivi. Kwenye mita 3 utauona unazunguka taratibu, watoto wakafurahi, na betri isipate kitu.

Kwa hiyo usimuulize muuzaji mtambo wake ni wa kilowati ngapi. Muulize unatoa wati ngapi kwenye mita 4 kwa sekunde, na ngapi kwenye mita 5. Mtengenezaji wa kweli ana mchoro unaoonyesha hayo, kasi moja baada ya nyingine. Muuzaji asiyekuwa nao, au anayerudia tu namba ya boksi, mshukuru uondoke.

Jibu la pili ni uwazi wa bahari. Jahazi likiwa njiani halina mwembe mbele yake. Upepo unaogonga nyumba na miti hupungua kasi, na baya zaidi ni kwamba huvurugika: unapanda, unashuka, unajisokota. Mtambo uliowekwa kwenye upepo wa namna hiyo hugeuka kila dakika kutafuta uelekeo, mapanga yanapigwa pande zote, beringi zinakufa mapema. Kanuni ambayo mafundi wenye uzoefu hawaivunji ni kwamba mapanga yawe juu ya kizuizi chochote kilicho ndani ya mita 100 hadi 150, na yakizidi kwa mita 10 hivi ni bora zaidi. Ukiwa na mnazi wa mita 15 jirani, hesabu mnara wa mita 25. Mti nao unakua, kwa hiyo hesabu urefu utakaokuwa nao miaka kumi ijayo.

Mtu akisikia hivyo hushtuka, maana mnara mara nyingi hugharimu kuliko mtambo wenyewe. Ni kweli, na bado ndiyo fedha inayolipa. Hata mahali peupe pasipo miti, kupanda kutoka mita 10 hadi mita 20 huongeza kasi kwa asilimia 10 hivi, na kwa ile hesabu ya mara nane, nishati huongezeka kwa theluthi nzima. Palipo na miti, tofauti ni kubwa kuliko hiyo.

Paa la nyumba ni mahali pabaya kuliko pote. Paa linavuruga upepo, na kila mtetemo wa mtambo unaingia ukutani. Uingereza walifanya majaribio yaliyopewa jina la mji wa Warwick, ripoti yake ikatoka mwaka 2009: mitambo midogo iliyofungwa kwenye majengo ilitoa sehemu ndogo sana ya kilichotarajiwa, na baadhi yake ilitumia umeme mwingi kuendesha vifaa vyake kuliko ule iliouzalisha. Wale ni watu wenye vipimo na wahandisi. Fundi akikuambia paa lako litatosha, mkatalie kwa heshima.

Kuna njia ya zamani ya kujua mnara wako uwe mrefu kiasi gani, na watoto watakusaidia kwa moyo mmoja. Rusha tiara siku ya upepo, na kwenye uzi wake funga vitambaa vyembamba kila baada ya mita 3. Simama pembeni uangalie. Vitambaa vya chini vitarukaruka ovyo, kimoja huku kingine kule. Utafika urefu ambapo vyote vinalala upande mmoja na kupepea kwa utulivu. Huo ndio urefu ambao mapanga yako yanautaka. Rudia siku nyingine upepo ukitoka upande mwingine, kwa sababu mti ulio kusini mwa nyumba hauna kosa wakati wa kaskazi.

Jibu la tatu ni subira ya msimu. Mjomba hakutweka tanga siku yoyote aliyotaka. Alingoja. Watu wa pwani wamezijua pepo kwa majina kabla ya vipimo vyovyote: kaskazi ya kuanzia Desemba, kusi inayoanza na masika na kukaza miezi ya Juni hadi Agosti, na katikati yake tanga mbili, siku ambazo upepo hauna msimamo au hakuna kabisa. Friji haijui tanga mbili. Samaki wataoza Novemba kama watakavyooza Julai, na hakuna betri ya kawaida itakayohifadhi upepo wa kusi mpaka mwezi ule wa utulivu. Kwa hiyo kabla hujanunua, lazima uujue mwaka mzima wa upepo wa mahali pako, wala si siku ile moja uliyosimama uwanjani ukapigwa na baridi ukasema hapa pana upepo.

Anza na daftari. Asubuhi, alasiri na usiku, kila siku, andika unachokiona. Upepo unausikia usoni na majani yanachakacha tu: hiyo haizidi mita 3 kwa sekunde, ni bure kwa umeme. Majani na vijitawi vinacheza bila kukoma na bendera ndogo imenyooka: kati ya mita 3 na 5. Vumbi linainuka, karatasi zinaruka, matawi madogo yanasogea: kati ya mita 5 na 8, na hapo mtambo unafanya kazi ya maana. Miti midogo inayumba yote: mita 8 hadi 10, upepo wa kuutamani. Ukipata fedha ya kipimaupepo kidogo cha mkononi, andika namba. Ukipata cha kufunga juu ya nguzo chenye kujiandikia chenyewe, bora zaidi. Nenda pia ofisi ya hali ya hewa iliyo karibu, au uwanja wa ndege, uulize rekodi zao. Katika intaneti kuna atlasi ya upepo ya dunia isiyolipiwa, nayo inafaa kukuonyesha iwapo uko eneo la matumaini, ila angalia: ramani zake nyingi zinaonyesha upepo wa mita 100 juu, na nguzo yako haitafika huko.

Miti pia inaandika. Mivinje iliyoinamia upande mmoja miaka yote, au minazi ambayo makuti yake yamechanwa upande wa bahari tu, ni ushahidi ambao hakuna muuzaji anayeweza kuughushi.

Baada ya daftari lako kujaa, linganisha na kile ambacho familia inahitaji. Nyumba yenye taa tano za LED, redio, simu na televisheni ndogo haifiki nusu yuniti, yaani nusu kilowati-saa, kwa siku. Ukiongeza friji isiyokula sana, unahitaji yuniti moja na zaidi. Mtambo wa mita 2 kwenye upepo wa mita 5 unaovuma saa nane kwa siku hutoa karibu nusu yuniti. Paneli moja ya sola ya wati 300, kwenye jua letu, hutoa yuniti moja hivi. Haina kinachozunguka, haipigi kelele, haihitaji mnara, na bei yake imeshuka mno tangu mwaka 2010 huku bei ya mitambo midogo ya upepo ikishuka kidogo tu. Nasema hili bila kuzungusha: kwa nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mjini karibu zote, sola ndiyo iwe ya kwanza. Kwa aliye Dar es Salaam au Nairobi kati ya maghorofa, upepo usahau kabisa.

Mtambo wa upepo wa nyumbani una nafasi pale ambapo mambo matatu yamekutana: daftari linaonyesha wastani wa mita 5 au zaidi katika miezi mingi, pana eneo la wazi la kusimamisha mnara mbali na nyumba, na umeshakuwa na sola lakini mawingu na usiku vinakusumbua. Hapo upepo ni mwenzi mzuri sana. Masika jua linapojificha siku tatu mfululizo, au Julai usiku kusi inapopiga, mtambo unaijaza betri wakati paneli zimelala. Betri inayojazwa mara kwa mara hudumu kuliko ile inayoachwa ikauke, na betri ndiyo itakayokula fedha yako kila baada ya miaka michache.

Wengi mmesikia habari ya William Kamkwamba, kijana wa Kasungu nchini Malawi, aliyejenga kinu chake cha upepo baada ya njaa ya mwaka 2001 na 2002 kumtoa shule, kwa vipande vya baiskeli, feni ya trekta na bomba za plastiki. Ni habari ya kweli na inatia moyo. Lakini mkumbuke pia kilichowaka: taa chache na redio. Kwa familia iliyokuwa gizani ni jambo kubwa. Anayetaka pasi, friji na pampu asijifananishe na kinu kile.

Sasa mambo ambayo fundi wa sola asiyezoea upepo anaweza kukukosesha. Paneli ukiitenganisha na betri, inakaa tu. Mtambo wa upepo ukiutenganisha na betri huku upepo unavuma, unakuwa kama gari lililokatika breki mlimani: mapanga yanaongeza mbio mpaka kitu kipasuke. Ndiyo sababu chaji kontrola ya upepo huwa na mahali pa kumwagia umeme uliozidi, kwa kawaida waya za kupasha joto, na ndiyo sababu huwezi kutumia kontrola ya sola badala yake. Kabla ya kugusa chochote, simamisha mtambo kwa swichi ya breki inayounganisha nyaya zake tatu pamoja, tena ufanye hivyo upepo ukiwa mdogo. Usimwache mtoto wala fundi kupanda mnara wakati mapanga yanazunguka. Nunua mnara wenye bawaba chini, unaoshushwa na kusimamishwa kwa kamba za chuma, ili kazi yote ifanyike watu wakiwa wamesimama ardhini. Usimamishe mbali na nyumba, umbali unaozidi urefu wake, ili siku ukianguka uangukie mchangani. Uwe na waya mnene wa kupeleka radi ardhini. Na kumbuka kwamba umbali huo una gharama: umeme wa volti 12 ukisafiri mita 60 kwenye waya mwembamba, sehemu kubwa hupotelea njiani. Chagua volti 24 au 48, na ulipie shaba ya kutosha.

Kwa watu wa pwani kuna chumvi. Boliti za kawaida zinaliwa na kutu ndani ya mwaka, na kutu ya ndani ya dinamo huioni mpaka imeshaharibu. Taka boliti zisizoshika kutu, na rangi ya vyombo vya baharini. Kelele nayo si jambo dogo. Mitambo midogo huzunguka kwa kasi na kulia kuliko mikubwa, na jirani hatalala kwa sababu wewe una taa. Nenda kwake kabla hujachimba shimo.

Kuna kazi moja ambayo upepo umeifanya kwa unyenyekevu miaka mingi bila betri wala inveta, nayo ni kuvuta maji. Kule Thika nchini Kenya zimetengenezwa kwa miongo kadhaa pampu za upepo ziitwazo Kijito, zenye mapanga mengi mapana yanayozunguka taratibu na kusukuma fimbo kisimani. Tangi ndilo betri: upepo ukivuma usiku maji yanapanda, mchana watu wanateka. Pampu za sola zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa sababu ni rahisi kufunga, lakini mahali pa ng'ombe wengi na upepo wa uhakika, bado ni chombo ambacho fundi chuma wa kawaida anaweza kukitengeneza bila kungoja kipuri kutoka ng'ambo. Hilo la vipuri liwe na uzito mkubwa kuliko rangi ya matangazo.

Jamii ndizo zinazoweza kupata kilicho kizuri zaidi katika upepo, kwa sababu mapanga marefu na minara mirefu ndivyo vinavyovuna, na hivyo hakuna kaya moja inayoweza kuvinunua. Nautaja mfano wa Mufindi, mkoani Iringa, kwa kuwa unapendeza. Mradi wa Mwenga ulianza na umeme wa maji, megawati 4, ukipeleka umeme vijijini. Mwaka 2020 ikaongezwa mitambo mitatu ya upepo yenye jumla ya megawati 2.4. Kiangazi mto unapopungua, upepo wa nyanda za juu huongezeka. Kimoja kinashika pale kingine kinapochoka. Kijiji chenye maporomoko madogo, au chenye gridi yake ndogo ya sola na jenereta ya dizeli, ndicho cha kuuliza kama upepo unaweza kupunguza dizeli. Makambako na Singida nako upepo umepimwa miaka mingi na kuonekana ni mkali.

Miradi mikubwa ina hesabu nyingine. Karibu na Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, upepo unaobanwa kati ya nyanda za Ethiopia na za Kenya hupita kwa wastani unaozidi mita 10 kwa sekunde, jambo ambalo ni nadra duniani. Pale imesimama mitambo 365 yenye megawati 310, na ilipozinduliwa Julai 2019 Kenya ilipata umeme mwingi usiochoma mafuta. Ni faida ya kweli na naiheshimu. Lakini mitambo ilikuwa tayari tangu 2017, laini ya kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400, ikakamilika 2018, na nchi ikalipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuweza kusafirishwa. Wafugaji wa pale walikuwa wameshakwenda mahakamani tangu 2014 kuhusu ardhi, ekari zipatazo 150,000, na Oktoba 2021 mahakama iliyoketi Meru ikaamua kwamba hati zilitolewa bila kufuata utaratibu. Laini ya kilovolti 400 inayopita juu ya kijiji haiwashi taa ya kijiji; kuishusha kunahitaji kituo cha kupozea umeme chenye gharama kubwa. Lisiloandikwa ndani ya mkataba tangu mwanzo halitajengwa baadaye kwa hisani.

Kinangop, kaunti ya Nyandarua, mambo yalikwisha vibaya zaidi. Mradi wa megawati 60 uliingia katika eneo la wakulima wadogo, maelezo hayakuwatosha, hofu ya ardhi na ya afya ikashika nafasi yake. Katika maandamano ya 2015 mtu alipoteza maisha, na 2016 mradi ukaachwa. Kajiado, kwa upande mwingine, mradi wa Kipeto wenye mitambo 60 na megawati 100 ulikodi ardhi kutoka kwa wenye mashamba badala ya kuinunua, jamii ikapewa hisa ya asilimia 5, na wapo vijana wanaolinda anga: wakiona tumbusi wanakaribia, mtambo unasimamishwa. Ng'ombe wanaendelea kula majani chini ya mapanga.

Kwa hiyo kijiji kikipata wageni wenye ramani, kisikimbilie kukataa wala kupiga makofi. Kodisha, usiuze. Mtambo wenyewe na barabara yake huchukua sehemu ndogo ya ardhi, basi ulizeni kwa nini mnaombwa ekari elfu nyingi, na zilizobaki nani atalisha. Dai malipo yanayofuata yuniti zinazouzwa, pamoja na kodi ya mwaka, kwa sababu kodi peke yake inaliwa na mfumuko wa bei. Ajira za ujenzi huisha miaka miwili. Uliza ni watu wangapi wa kijiji watabaki kazini mwaka wa tano. Andikeni nani atang'oa mitambo baada ya miaka 20 au 25 na fedha hiyo inawekwa wapi tangu leo, maana mapanga ya nyuzi za kioo hayaozi, na zege la msingi mmoja ni mamia ya tani. Andikeni umeme wa kijiji, nguzo na transfoma, kwa tarehe. Tanzania ardhi ya kijiji inalindwa na sheria ya mwaka 1999, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti yake. Kenya sheria ya ardhi ya jamii ya mwaka 2016 inataka theluthi mbili ya watu wazima waridhie katika mkutano kabla ya mkataba wa uwekezaji. Watu waende kwenye mikutano hiyo, wanawake wakae mbele, na mkataba usomwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya wazee kabla ya kalamu kugusa karatasi. Mtafute wakili wenu wenyewe. Wakili wa mwekezaji hata akiwa mwema ni wa mwekezaji.

Na kama mna uthubutu, dai hisa. Nje ya bandari ya Copenhagen, Denmark, ipo mitambo 20 iliyosimamishwa baharini mwaka 2000, megawati 40, na nusu yake inamilikiwa na ushirika wa wakazi zaidi ya 8,000, kila mmoja na fungu lake. Sisi tuna SACCOS, tuna vyama vya korosho na kahawa, tunajua uchungu na utamu wa kumiliki pamoja. Ushirika wa mtambo mmoja unaolisha gridi ndogo ya vijiji vitatu si ndoto, ila uwe na mambo mawili kabla ya utepe kukatwa: vijana wawili wa hapo waliofundishwa kuutengeneza, na mfuko wa matengenezo usioguswa kwa sherehe wala msiba.

Mjomba hakuutupa mtambo wake. Alinunua paneli mbili, friji ikawaka, na kwa mwaka mzima akaandika daftari kwa mwandiko wake wa kinahodha: siku, saa, upepo unatoka wapi, mivinje inafanya nini. Kisha tukaushusha mtambo kutoka paani na kuusimamisha kwenye tuta karibu na ufuo, mbele ya minazi, kwenye mnara wa mita 18 wenye bawaba. Kazi hiyo tuliifanya Novemba, wakati wa tanga mbili. Yeye ndiye aliyechagua. Alisema mwezi ule ndio waliokuwa wakivuta vyombo pwani, kuvikalafati na kuvipaka deheni, kwa sababu bahari ilikuwa haina kazi nao. Tangu hapo kila Novemba tunaushusha, tunakaza boliti, tunapangusa chumvi, tunapaka grisi, tunakagua ncha za mapanga kama mchanga umezila. Mwaka huu ameniagiza beringi mbili mapema, na amekwisha kuwaambia vijana wanne wa kuvuta kamba waje alfajiri, kabla upepo haujaamka.